Nilimshusha Bibi Harusi Barabarani, na Radhi Siombi

Jina langu lifichwe, lakini maneno yangu yaacheni yalivyo, msiyalainishe. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Chumbageni hapa Tanga. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la mkonge, tukiishi kambi ya wafanyakazi, na ukweni hilo hawajawahi kulisahau. Nikikosea kidogo tu, mimi ni "mtoto wa kambini".

Kwa baba nimejifunza jambo moja: nisisafiri bila mtungi wa kuzimia moto unaofanya kazi. Siyo mtungi wa kumwonyesha trafiki. Ninao wangu mdogo, kila safari nautia kwenye kikapu naufunika khanga. Ukweni wamenicheka mpaka wamechoka, wananiita Mama Zimamoto. Nami naitika.

Sasa wiki tatu zilizopita tulikuwa tunampeleka wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, kwa mumewe Kigombe. Kwao bibi harusi akishaingia garini hakanyagi chini mpaka mlangoni kwa mume. Akishuka njiani ni nuksi, eti na ndoa itaishia njiani. Gari lilikuwa la shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na yeye ndiye aliyeendesha. Nyuma tulikaa mimi, bibi harusi na somo yake, yaani kungwi aliyemfunda. Mume wangu alikuwa kwenye gari linalotufuata.

Tumeuacha mji, nikasikia harufu ya waya unaoungua. Nikasema, "Shemeji, simamisha, gari linaungua."

Akacheka. "Mama Zimamoto kaanza! Joto tu hilo. Tukifika nitaliangalia."

Moshi ukatoka pembeni ya boneti, mwepesi, kisha mweusi. Nilipopiga kelele ndipo akasimama. Akaruka nje, injini inanguruma, mkono tayari uko kwenye boneti.

"Usiinue!" nikamwambia. "Ukiinua unaupa upepo! Zima gari, achia kitasa cha boneti tu, kwa ndani!"

Nilimkaripia shemeji yangu, mtu ninayempa shikamoo kila nikimwona. Ndiyo, nilimkaripia, na ningemkaripia tena.

Akarudi akazima, akaachia kitasa, boneti ikaachama kidogo. Huku nyuma somo kamkumbatia bibi harusi, anapiga kelele, "Hashuki mtu hapa! Lahaula, hashuki!" Miali imeshaonekana mbele ya kioo, na mwenyewe amejifunika, analia, "Wifi, nimekatazwa kushuka." Nikafungua mlango, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka nje. Kiatu kimoja kikabaki garini. Somo naye alitoka mbio mlango wa pili, hakumngoja mtu.

Shemeji akatoa mtungi wake chini ya kiti, ungali na nailoni yake ya dukani. Akachomoa pini, akabana. Mtungi ukakohoa kidogo, basi. Nikamsogeza pembeni, nikapenyeza wangu kwenye ule upenyo wa boneti, nikalenga chini, moto unakotoka. Unga ukatapakaa kila mahali, kwenye maua ya gari, kwenye kanzu ya shemeji, kwenye shela. Moto ukafa, mume wangu ndiyo kwanza anashuka gari la nyuma. Watu wa bwana harusi waliokuja kutupokea njiani wakamkuta bibi harusi kasimama kwenye majani, mguu mmoja pekupeku, uso mweupe kama katoka mashineni kusaga.

Leo huko Kigombe wanamwita bibi harusi wa barabarani. Shemeji amewaambia wazee ulikuwa moshi tu, mimi nilipagawa, na unga wangu ndio ulioharibu injini. Mama mkwe ameitisha kikao Ijumaa baada ya swala, niende nimwombe radhi shemeji, nimwombe wifi, niuombe ukoo mzima.

Na mume wangu? Nilimuuliza, "Moto si uliuona?"

"Niliuona. Lakini yule ni kaka yangu. Omba radhi yaishe, neno moja linakushinda nini?"

Jamani, hilo liliniuma kuliko jina lolote nililowahi kupewa. Nililia jikoni, kisha nikanawa uso nikaendelea kupika. Wifi mwenyewe alinipigia simu: "Mimi sikudai radhi, wifi. Ila usinitake niseme mbele ya kaka." Simlaumu.

Gari limeshatengenezwa. Juzi mama mkwe alinituma nikamchukulie kapu lake humo, nikachungulia chini ya kiti. Mtungi ni uleule. Pini imerudishwa, nailoni imefungwa vizuri, mshale umelala kwenye nyekundu, yaani ndani hamna kitu. Na Jumamosi gari hilo linampeleka mama mkwe kumtazama wifi, na binti yangu wa miaka saba ameahidiwa kwenda na bibi yake. Nimesema mwanangu hapandi. Mume wangu anasema nikimzuia mtoto nimemtukana kaka yake, na Ijumaa nisipoomba radhi nirudi kwetu nikatulize kichwa.

Nimewaza hivi. Ijumaa niende, nimwamkie kila mkubwa kwa heshima zote, halafu niuweke mtungi wa shemeji katikati ya mkeka nimwombe aubane mbele yao. Najua nitakuwa nimemvua nguo, na huenda ndoa yangu ikaishia hapohapo mkekani. Au ninyamaze, nimzuie mwanangu peke yake, nimwache mama mkwe apande? Hanipendi, lakini ni mama wa watu, na mimi ninajua kilichopo chini ya kile kiti.

Nishaurini ndugu zangu, mtungi niupeleke kikaoni au niuache? Radhi siombi, hilo msijisumbue nalo. Na anayetaka kuniandikia kwamba mwanamke mwema hunyenyekea, kwanza atoke nje akaangalie mshale wa mtungi wa gari lake, ndipo arudi kuniandikia.