Nywele za Mama Tanurini

Mama alizikwa Malindi siku ileile aliyofariki, alasiri, na mimi, mwanawe wa kiume wa pekee, sikuwapo. Nilikuwa maabara Nairobi, nasubiri tanuri lipoe. Kazi yetu ni kuchoma vifuu vya nazi bila hewa mpaka ibaki kaboni tupu, kisha kuigandamiza kwa joto na nguvu kubwa iwe almasi: punje ndogo mno, za kutia kwenye misumeno ya kukatia mawe. Simu niliiacha nje. Nilipoishika, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini.

Sikuwahi kumtia udongo mama yangu. Nalisema wazi, kwa sababu yote niliyofanya baadaye yalitoka hapo.

Siku ya tatu, nikiwa nimeshafika nyumbani, dada yangu mkubwa, aliyemuuguza, alinipa kifuko cha kitambaa. Ndani mlikuwa na nywele zilizomtoka mama kwa dawa za saratani. Kwetu nywele haziachwi zikazagaa, wala hazitiwi motoni, hufukiwa.

"Nilikuwa nizifukie mwenyewe," akasema, "lakini wewe hukuwahi kuzika. Hizi ndizo fungu lako. Zifukie hapo uani kabla hujaondoka."

Nikaitikia. Kisha nikazitia mkobani, nikarudi nazo bara.

Nilijiona nina akili kuliko udongo. Udongo ungezila, mimi ningemletea dada punje ya mama isiyooza. Nilizitia tanurini peke yangu, mlango nimeufunga. Ukatoka unga mweusi usiojaa kijiko. Nikaupima kwenye mashine yetu, ikaniambia kaboni. Kaboni ileile ya vifuu. Hakukuwa na mama mle. Niliketi sakafuni nikalia, mtu mzima na koti langu jeupe. Kuugandamiza uwe almasi sikuthubutu.

Nilirudi Malindi na unga ule kwenye chupa ndogo. Dada alikuwa anakuna nazi uani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu niambie, ulizifukia upande gani? Nilitaka kupanda mrehani juu yake, sikuona palipochimbwa."

Nikamwonyesha chupa, nikamweleza yote. Akaichukua.

"Umezichoma," akasema. "Nywele za mama."

Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na jembe. Nikanyoosha mkono nilipokee, akanipita. Akachimba mwenyewe, akamimina, akafukia, akashindilia kwa kiganja. Hata konzi moja ya udongo hakuniachia.