Bibi wa Kuravilangad Aliyekataa Kula

Binti yangu alinipigia simu Jumanne moja ya baridi kali, saa nne asubuhi, na kabla hata ya kuniamkia akauliza, "Baba, kile Kimalayalam chako bado kipo?"

"Kipo kidogo. Cha sokoni na cha jikoni. Kuna nini?"

"Njoo na hichohicho. Njoo sasa hivi."

Mwanangu ni nesi katika nyumba ndogo ya kutunzia wazee mjini Richfield, huku ughaibuni tunakoishi. Miongoni mwa wazee sita waliokuwa pale alikuwamo bibi mmoja wa kusini mwa India, aliyepotewa na kumbukumbu mpaka Kiingereza chote kikamtoka, yakabaki majina ya siku tu. Tangu Jumatatu asubuhi alikuwa hajatia chakula kinywani. Walimletea uji wa maziwa, mayai, mtindi, supu ya kuku. Vyote alivisukuma, akageukia ukutani. Daktari alikuwa anakuja kesho yake saa tano. Akimkuta hali bado ni ileile, bibi angepelekwa hospitali akatiwe mrija wa chakula tumboni.

Mimi nilisomea dini Kottayam, wilaya hiyohiyo aliyotoka bibi. Nilikaa miaka mitatu, kijana wa Masasi niliyepata nafasi bila kuitafuta, na hadi leo namshukuru Mungu kwa miaka ile. Lakini ni zamani mno. Ndani ya basi kutoka Brooklyn Center nilijaribu kuhesabu moja hadi kumi kwa Kimalayalam, nikakwama kwenye saba.

Nilipokuwa nikisubiri basi la pili, simu ikalia. Alikuwa binti wa yule bibi. Naye ni nesi, katika hospitali moja ya mjini, na anaishi Blaine. Alikuja nchi hii akiwa mtoto wa kubebwa. Lugha ya mama yake anaielewa, ila hujibu kwa Kiingereza, kama wajukuu zangu wanavyonijibu mimi.

"Mchungaji," akasema, "mama yangu atauchomoa huo mrija. Namjua. Na wanaochomoa huvalishwa glavu nene, mikono ikafungwa kitandani. Unanielewa? Mimi mwenyewe nimefunga mikono ya mama za watu."

Nilimwambia niko njiani.

Nilimkuta bibi amelala ubavu, uso ukutani, shuka limefika masikioni. Mezani palikuwa na bakuli la uji ulioganda juu. Mlangoni palikuwa pametundikwa ubao mweupe ambao juu yake manesi huandika kila asubuhi siku na tarehe kwa herufi kubwa, ili wazee wasipotewe na siku. Binti yangu alinivutia kiti, akaninong'oneza, "Muite Ammachi." Nilikumbuka. Ndivyo Wakristo wa kule wanavyomwita mama mtu mzima.

"Ammachi," nikasema.

Nilimsalimu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Afrika niliyewahi kukaa kwao. Hakugeuka. Basi nikaona nisimwombe kitu. Nikaanza kuisimulia wilaya yao, kama mtu anayeipita kwa miguu, kutoka ziwani kuelekea milimani.

Nikaanza na ziwa la Vembanad upande wa magharibi, na mashamba ya mpunga yaliyo chini kuliko maji yenyewe, yamezuiwa kwa kingo za udongo, hata mashua hupita juu ya kichwa cha mkulima. Nikataja ndege wa Kumarakom waliokuwa wakijaa mitini jioni, matawi yakapinda. Nikapanda mpaka mjini, kwenye mitambo ya kuchapia iliyoletwa na wamisionari, na wauza magazeti waliokuwa wakibishana habari za dunia nzima kabla ya chai ya asubuhi. Nikafika Ettumanoor, kwenye hekalu lenye tembo saba wa dhahabu na mmoja mdogo wanayemhesabu nusu, wanaotolewa waonwe mara moja tu kwa mwaka. Nikamkumbusha Vaikom, ambako watu wa tabaka la chini walikatazwa hata kupita barabara zinazozunguka hekalu, mpaka wenye moyo wakaketi barabarani miezi na miezi, kwenye jua na kwenye mafuriko, wakidai kupita tu.

Nusu ya maneno nilikuwa nakosea. Mengine nilitia kwa Kiingereza. Binti yangu alichungulia mara mbili, akatazama bakuli, akaondoka.

Nikaingia kwenye mashamba ya mpira, kila mti umefungiwa kifuu cha nazi cha kukingia utomvu. Kutoka hapo nikafika Kuravilangad, kwao Ammachi. Nikasema nilikwenda mara moja kuona sherehe ya mfungo wa siku tatu, pale wanaume wanapoibeba meli ya mbao mabegani, wakaiyumbisha kama iliyokumbwa na dhoruba, kwa ajili ya yule nabii aliyetupwa baharini. "Umati ulinikanyaga vidole," nikasema. "Ilikuwa Jumatano."

"Jumanne," ilisema sauti ukutani.

Nilikisogeza kiti karibu.

Akageuka. Uso wake ulikuwa mdogo, macho yakiwa makali kabisa. "Meli hutoka Jumanne. Nani alikufundisha Jumatano?" Akanyoosha kidole kwenye ubao wa mlangoni. "Leo. Meli inatoka leo."

Nikamuuliza polepole, nikichagua maneno, "Ammachi, umefunga?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anapumua. "Wewe hukufunga?"

Niliona aibu ya kweli. Nikamwambia mimi ni mtu wa chuo cha dini cha mjini.

"Aa," akasema. "Wale wa mayai." Kisha akajifunika tena. Zamani zile wanafunzi wa chuo chetu tulisifika kwa kula chochote siku yoyote.

Binti yake alifika saa tisa na nusu, bado na sare ya kazi, theluji kwenye viatu. Nilimweleza ukumbini. Mwanzoni alicheka, kisha akashika ukuta.

"Mfungo? Watu wanajiandaa kumtoboa kwa sababu ya mfungo?"

"Siku tatu. Unakwisha kesho jioni."

"Daktari anakuja kesho asubuhi! Hajala siku mbili, Mchungaji. Presha yake asubuhi ilinitisha. Hawezi kungoja jioni."

Tulijaribu njia zilizokuwepo. Alimpigia kasisi wa kanisa lao, simu ikaita bila kupokelewa, kisha ujumbe ukaja kwamba yuko safarini. Mimi nilirudi kitandani nikamwambia Ammachi kwamba mgonjwa hadaiwi kufunga, wala mzee wa umri wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni kasisi wangu?"

"Hapana, Ammachi."

"Basi kula mayai yako uniache."

Hapo ndipo binti yake alipousogelea ule ubao. Alichukua kitambaa, akafuta neno la siku. Mama yake alikuwa amefumba macho. "Naandika Alhamisi," akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. "Wewe utamwambia mfungo umekwisha. Wewe anakusikia. Mimi hanisikii."

Binti yangu alisimama mlangoni na trei mkononi. Alinitazama mimi, si binti wa Ammachi. Binti yangu angeweza kufukuzwa kazi kwa ubao ule, lakini nadhani si hilo alilokuwa akiliwaza. Alitaka kujua baba yake atafanya nini.

"Mwanangu," nikamwambia binti wa Ammachi, "siwezi kusema hivyo."

"Ni neno moja!"

"Amesahau jina lako. Amesahau nyumba yako. Hili moja amelishika kwa mikono miwili. Nikimdanganya hapa, namwachia nini?"

"Unamwachia uhai," akasema. Machozi yalimtoka. "Ukishakuwa wewe unayemfunga mikono, ndipo uje unihubirie."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu yalikuwa na haki. Nilimwomba anipe mpaka asubuhi. Hakusema ndiyo. Aliweka kalamu chini, ubao ukabaki bila siku, akaenda kukaa garini peke yake.

Sikulala vizuri. Niliamka saa kumi na moja kusali, kama kawaida yangu, na sala yenyewe haikuwa na maneno mazuri. Nilimwambia Mungu kwamba naogopa. Kwamba huenda ukweli wangu ni kiburi cha mzee ambaye mama anayetobolewa si wake. Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipotazama saa ukutani, nikafikiria kule wanafanya nini wakati huu. Wao wametutangulia kwa saa kumi na moja na nusu. Kule jua lilikuwa linaelekea kuzama, Jumatano. Na kwa kanisa lao, siku huisha jua linapozama.

Niliinuka kwa shida ya magoti, nikamgongea binti yangu mlango. "Tuna muhogo kwenye friza?"

"Baba, ni saa kumi na mbili kasoro."

"Na samaki?"

Tulichemsha muhogo pamoja, tukapika samaki kwa nazi na pilipili. Muhogo na samaki ni chakula cha Kottayam kama kilivyo cha kwetu. Nilipofika kule kijana, ndicho kilichonizuia kulia siku ya kwanza. Njiani binti yangu aliendesha polepole, barabara ilikuwa kioo cha barafu, sufuria mapajani mwangu ikinichoma. Nilimpigia binti wa Ammachi, aliyekuwa akitoka Blaine. Nikamwambia atafute nambari ya mjomba wake aliyenitajia jana, mdogo wake Ammachi, anayeishi Kuravilangad mpaka leo.

"Nimwambie nini?"

"Muulize tu kama wameshakula."

Saa mbili na nusu tulikuwa wote chumbani. Ubao ulikuwa umeandikwa Jumatano. Binti yangu aliuandika mwenyewe alipoingia, kwa herufi kubwa, bila kuulizwa. Ammachi alikuwa dhaifu kuliko jana. Midomo ilikuwa imepasuka. Binti yake alimsogezea simu usoni, na kwenye kioo akatokea mzee mwenye upara, amekaa mezani, taa juu ya kichwa.

"Dada," akasema. "Mbona umekonda hivyo? Wanakupa barafu?"

Ammachi alitabasamu kidogo. "Mmekula?"

"Tumekula. Tumetoka sala ya jioni, tukala. Jina lako limetajwa kanisani."

"Meli ilitoka?"

"Ilitoka jana. Karibu iniangukie."

Binti yake alinikanyaga mguu, akitaka nimalize hapohapo, nikae kimya, nichukue sahani. Lakini Ammachi alishageuza macho. Alikuwa anausoma ubao.

"Hapa ni Jumatano," akasema. "Asubuhi."

Chumba kizima kiliningoja mimi. Nilisikia gari likiegeshwa nje na mlango wake kufungwa, na binti yangu akachungulia dirishani, akaitikia kwa kichwa kuniambia ndiye. Daktari amewahi.

"Ni kweli, Ammachi," nikasema. "Hapa ni Jumatano asubuhi. Kwenu jua limezama na mfungo umekwisha. Sikufichi kitu. Ukitaka kungoja jua la hapa, ni haki yako, lakini kuna mtu anaingia sasa hivi ambaye hatakungoja. Uchague mwenyewe."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kwenye simu tukasikia mbwa wao akibweka huko. Ukumbini daktari alikuwa anapangusa viatu.

"Mimi ni mtu wa kanisa lipi?" akauliza.

"La Kuravilangad," akajibu binti yake. Alijibu kwa Kimalayalam. Sikuwahi kumsikia akikisema, na lafudhi yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

Ammachi alifungua macho, akamtazama muda mrefu. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba, akafungua kinywa.

Kijiko cha kwanza kilichukua muda kumezwa. Sote tulikuwa tukiitazama shingo yake. Cha pili kilikwenda upesi. Daktari alisimama mlangoni na mkoba wake, akataka kusema, binti yangu akamwonyesha kidole mdomoni.

"Samaki hana ukali," Ammachi akamlalamikia mdogo wake simuni. "Hawakutia ndimu wala chochote. Amepikwa na watu wa mayai."

Alikula vijiko sita, nilivihesabu. Cha saba alikizuia kwa mkono. Alikitwaa kijiko chenyewe kutoka kwangu, akakijaza muhogo, akaugeuza mkono ule mwembamba mpaka mdomoni kwa binti yake.

"Na wewe hujala," akasema.

Ilikuwa kweli. Tangu Jumatatu binti yake alikuwa anaishi kwa kahawa. Akala pale mbele yetu, amesimama na koti lake, machozi yakimwingia mdomoni pamoja na muhogo, na Ammachi akawa anamjazia kingine. Daktari aliweka mkoba chini, akavuta kiti, akakaa kungoja wamalize.