Kabati na Vidonge vya Kukausha Mwili

Mdogo wangu wanamwita Kabati, na jina hilo hakulipata bure. Akisimama kwenye mlango wa chumba cha pasi, mlango umefungwa. Mteja akitaka kujua kama nguo zake ziko tayari inabidi mimi nimjibu kutoka ndani, nikipitisha sauti chini ya kwapa la ndugu yangu.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuja kufanya kazi kwangu alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, ukimpa shuka la kitanda kikubwa alikunje, shuka linamkunja yeye. Nina duka la dobi lenye vyumba viwili: cha mbele tunapokea nguo na kuzipima kwa kilo, cha nyuma kina makaro ya kufulia, mashine moja iliyochoka na meza ya pasi. Nilimweka kwenye pasi kwa sababu hapo hakuna cha kubeba. Mwezi wa pili nikamkuta uani amejaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi, amechomeka bomba katikati, ananyanyua. Nikamwambia kwamba kama anatafuta kitu kizito, kuna mablanketi mabichi ya wateja yanamngoja. Akaanika mablanketi, kisha akarudi kwenye makopo yake.

Miaka minane imepita na hajaacha. Kutwa anasimama kwenye mvuke wa pasi, jasho linamtiririka, na jioni anakwenda jimu kutafuta jasho jingine. Chakula anakipima kwenye mizani yangu ya nguo: viazi gramu kadhaa, kuku wa kuchemsha gramu kadhaa, mboga za majani bila hesabu. Siku moja mteja alikuta paja la kuku juu ya mizani akaniuliza kama siku hizi tunafua na kuku. Harusini kwa binamu yetu alikwenda na kontena lake la maharage na mayai, akala pembeni kwa adabu, shangazi zetu wakamnunia mpaka bwana harusi akawasihi wamwache. Mimi mwenyewe nilimsema sana siku ile. Lakini moyoni nilijua kwamba katika ukoo wetu wa watu wa kuanza na kuacha, nimepata mmoja wa kuanza na kuendelea.

Mwaka jana alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya watunisha misuli. Mwaka huu aliitaka ya kwanza, akaitaka kupita kiasi. Mwili ulikuwa tayari, isipokuwa kiunoni palibaki mafuta kidogo ambayo hayakusikia viazi wala mazoezi. Kwangu mimi kile kilikuwa kiuno cha mtu aliye hai. Kwa Kocha wake ilikuwa aibu ya jimu nzima.

"Wenzako wanakauka, wewe unaloweka," alimwambia mbele ya watu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Aliyekuwa anakauka ni Waya, fundi umeme, rafiki wa Kabati wa miaka yote hiyo ya mazoezi. Katika wiki mbili ngozi yake ilikuwa imeshikana na nyama, mishipa imesimama mpaka tumboni. Watu walikuwa wanamgusa kama wanaonunua kitambaa.

Waya alikuwa analeta nguo zake kwangu kila Jumatatu. Jumatatu hiyo singlendi zake nyeupe zilikuja na doa la njano kwapani na mgongoni, na shuka lake vilevile. Jasho nalijua. Nimefua jasho la makuli, la wapishi, la mabwana harusi, lote lina rangi yake na lote linatoka. Hili lilikuwa njano ya kiini cha yai. Nikalipiga sabuni ya kipande, halikutikisika. Nikaweka ndimu na chumvi nikalianika juani, likazidi kung'aa. Nikalilaza usiku kucha kwenye dawa ya kung'arisha, asubuhi kitambaa kimelegea na doa liko palepale. Sijawahi kumrudishia mteja doa, hiyo ndiyo jeuri yangu mjini, na siku ya tatu nilikuwa naisugua ile singlendi huku naisema vibaya.

Kabati aliisimamisha pasi pembeni.

"Dada, liache. Halitoki."

"Umejuaje?"

Alitia mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza ya pasi. Ndani kulikuwa na vidonge sita vya njano, njano ileile.

"Kocha kanipa Jumamosi," alisema. "Ni vya kuchoma mafuta. Kaniambia nitasikia joto, nitatoka jasho la rangi, nisiogope, ndiyo mafuta yanaondoka. Naanza leo jioni."

Nilitafuta kitu cha kumpiga nacho nikaona hanga tu. Nikamuuliza kama ananiona mimi nimefua miaka yote hii nije nimfulie sanda. Nikamuuliza mengi, sitayaandika yote. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, na nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba jioni angevimeza. Alikuwa anaitaka ile nafasi kuliko anavyoogopa ulimi wangu.

Nikashusha sauti. "Na mwenzako hali yake ikoje?"

"Jana hakuja mazoezini. Alisema anasikia joto sana." Kisha akaongeza, "Alisema kwa furaha, Dada."

Tukatazamana. Sikumbuki nani alitangulia kutoka, lakini nakumbuka nilichota mashuka mawili kutoka kwenye karo, yakiwa yanachuruzika maji.

Waya alikuwa anaishi ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Tulimkuta amelala kifudifudi kwenye sakafu tupu, feni inazunguka, dirisha wazi, anahema haraka kama mtu aliyetoka mbio. Ngozi yake niliigusa nikautoa mkono. Pale chini kulikuwa na daftari lake la mazoezi, na siku hiyo alikuwa ameandika: joto limepanda, dawa inafanya kazi. Mtu mwingine yeyote akiungua hivyo anakwenda kwa daktari. Hawa walikuwa wamefundishwa kuihesabu homa kuwa ushindi.

Tukamviringisha mashuka mabichi. Kabati akamtupa begani, kilo themanini na kitu, akashuka naye ngazi za ghorofa nne bila kupumzika, akavuka naye barabara mpaka kwenye teksi, na kutoka getini pa hospitali akakimbia naye tena. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika viatu vyao. Miaka minane nilikuwa nauliza ile misuli ni ya kazi gani. Siku ile nilijibiwa, na machozi yalinitoka njiani pale, ya hofu na ya kujivunia kwa pamoja.

Daktari alivitazama vidonge vya Kabati akavifungia kwenye mfuko.

"Hii si dawa ya mtu," alisema. "Ni kemikali ya viwandani. Ikishaingia mwilini hatuna cha kuiondoa. Tunampoza tu na kungoja. Mngechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine."

Tulingoja siku nne. Mama yake Waya alikaa upande mmoja wa kitanda, Kabati upande wa pili akibadilisha vitambaa vya barafu. Siku ya tano Waya aliomba uji, mama yake akacheka, akatoka mbio kuutafuta.

Kabati alikwenda kwa Kocha. Aliniomba nisiende naye, nikaenda nikasimama nje ya dirisha. Kocha alisema Waya aliponzwa na tamaa yake, alizidisha. Akasema pia kwamba asiyekauka asipande jukwaani na jina la jimu yake. Kabati alikuwa anamheshimu yule mtu kama baba. Alisema, "Sawa, Kocha," akachukua taulo lake ukutani, akatoka. Mimi nilikuwa na maneno ya kutosha kwa wote wawili, ila alinishika bega akanigeuza njia ya nyumbani.

Wiki tano zilizobaki kabla ya mashindano alifanya mazoezi uani kwangu, na mawazo ya siku yenyewe ndiyo yaliyoninyima usingizi. Nilijua siku ya mashindano vidonge vile vitakuwepo kule nyuma ya jukwaa, na yeye atakuwepo na kiuno chake, bila kocha, katikati ya watu waliokauka. Nikajiambia sitamwacha peke yake.

Ndivyo nilivyojikuta, mwanamke mzima, nimesimama katika chumba chenye wanaume tisa waliovaa vichupi, nampaka ndugu yangu mafuta mgongoni. Walinisalimu kwa heshima zote huku wakitafuta taulo za kujisitiri. Haikuchukua muda nikaona karatasi inapita mkono kwa mkono. Mmoja alimeza pale pale. Wa pili alimnyooshea Kabati.

"Chukua kimoja kaka, jukwaani kuna baridi."

Mkono wangu ulisimama mgongoni mwake. Sikusema neno, na wanaonijua watashangaa.

Kabati aliipokea karatasi ile. Akaitazama, kisha akatazama kiuno chake kwenye kioo. Ndugu yangu si mtu wa maneno. Mteja akigomba naye huwa ananiita mimi. Lakini alipiga moyo konde akazungumza, sauti ikimtetemeka.

"Waya mnamjua. Nimemshusha ghorofa ya nne begani anachemka. Daktari kasema haina dawa ya kuiondoa. Mkitaka kunicheka kiuno, nichekeni, lakini hivi havirudi kwenu." Akakunja ngumi juu ya karatasi. "Na wewe uliyemeza, kamwambie daktari wa mashindano sasa hivi. Nitakusindikiza."

Kocha alikuwa mlangoni. "Unatia wenzako woga dakika za mwisho," alisema, "kwa sababu unajua utashindwa."

"Ni kweli Kocha, nitashindwa," Kabati alisema. "Mama yake Waya ulimwambia nini?"

Kocha aligeuka akaondoka mlangoni. Aliyemeza alisimama, akatoka na Kabati kwenda kwa daktari, akatapishwa, akawekwa chini ya uangalizi na barafu miguuni. Kabati aliporejea chumbani, wengine walikuwa wanatoa karatasi zao kwenye mabegi na soksi. Walizitia mkononi mwake mmoja mmoja bila kuangaliana. Nilizihesabu, karatasi nne. Yule aliyemeza alisisitiza kupanda hata akiwa hoi. Daktari akamkatalia, na baadaye akamruhusu asimame tu kwenye mstari, mara moja, na daktari mwenyewe kando yake.

Kabati akawa wa sita. Nilipiga makofi mpaka mafuta ya viganjani yakaniruka machoni, mtu aliyesimama karibu nami kwenye mlango wa jukwaa akaniuliza kama huyo ndiye bingwa, nikamwambia ndiyo.

Alitoka ameinamisha kichwa, begi begani.

"Wa sita, Dada."

"Nimesikia."

"Mwaka jana nilikuwa wa pili."

"Kabati," nilimwambia, "nimesimama pale mlangoni nikiwahesabu. Mmepanda tisa, mmeshuka tisa."

Alisimama barabarani, jitu lote lile, akalia. Nikamshikia begi.