Hati ya Doti Mbili

Niseme mapema, mimi si mtu wa kusoma sana. Chuoni nilifika sura chache tu za Kurani, mwalimu akanichoka, na mimi nikaichoka fimbo yake. Nikikosea humu, nivumilieni.

Kasongo ya ujana wangu, mali ilikuwa nguo na shanga. Msafara wa Ujiji ukichelewa, nguo zinakwisha, na wapagazi wanataka ujira wao. Tajiri mmoja wa mtaa wetu akabuni hati: karatasi ndogo kama kiganja, herufi za Kiarabu, "Mwenye hati hii apewe doti mbili za kaniki, amin," na muhuri wake chini. Kwa hati ile ulinunua mbuzi, ulinunua chumvi, na mpaka Kabambare waliipokea. Halafu vita vikaja, tajiri akakimbia, hakuonekana tena. Jana mbuzi, leo hata yai hupewi.

Watu wakazitupa. Mimi nikaanza kuziokota. Moja niliikuta imeziba pembe ya baruti, nyingine mwanamke aliikunjia tumbaku. Nikazitia katika kibuyu kikavu, mdomo nikauziba kwa nta ili mchwa wasiingie. Mke wangu alikuwa akisema, "Wenzako wanaleta samaki nyumbani, wewe unaleta uchafu!" Majirani nao walicheka. Waache wacheke. Nilikuwa na sababu, ila sikumwambia mtu.

Baba yangu alikuwa mwandishi wa yule tajiri. Aliandika msimu mmoja tu, ndui ikamchukua. Waliokufa kwa ndui walizikwa pamoja katika shimo moja, na vitu vyao vikachomwa, mpaka tasbihi yake. Sikubaki na hata uzi. Lakini moto haukufika kwa zile hati zilizokwisha kutoka.

Mkono wake ningeujua popote. Bunduki ilimkata ncha ya kidole cha shahada, kwa hiyo nuni yake, ile herufi inayotakiwa iwe ya duara kama bakuli, mkia wake ulishuka chini ukajipinda kama ndoana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwanza, kwenye ubao, kabla ya chuo. Nikaichukua nuni ileile. Mwalimu akisema, "Nuni yako imelewa!" na fimbo inafuata. Sikuibadilisha.

Kibuyu kikajaa, na nuni zote humo zilikuwa bakuli safi za waandishi wengine.

Siku moja muuza chumvi akaniambia kwamba huko Wamaza wanawake wanazivaa hati zile kama hirizi. Kwao andiko lolote la Kiarabu ni dua. Nikafunga muhogo na nusu karatasi safi niliyoinunua kwa kuku. Nikavuka mto Luama, maji kifuani, na mimi sijui kuogelea, hilo nalikiri. Siku ya tano nikafika.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikaonyeshwa hati zilizomo katika hirizi, zote nuni za bakuli. Ilibaki moja tu, ya mama aliyefunga hirizi ya ngozi juu ya kiwiko.

"Mama," nikamwambia, "hiyo si dua. Ni hati ya nguo, na imekufa."

Akaacha kumenya muhogo. "Mungwana, nilizika watoto watatu. Nikavaa hii, wa nne njo huyu, iko anakula mahindi. Nguo gani inafanya vile?"

Akarudia muhogo wake. Lakini kuondoka sikuondoka. Nikalala kwa jirani, asubuhi nikashika jembe katika shamba la yule mama. Siku tatu. Kila nikinyanyua kichwa ananichekea: "Mungwana wa karatasi, mizizi hiyo usikate!" Kweli, nilikata mizizi yake mingi.

Siku ya nne nikamweleza habari za baba, na shimo, na kidole.

"Sababu gani hukusema siku ya kwanza?" akauliza. "Ulikuja na maneno ya nguo."

"Niliona haya, mama."

Akasema, "Andika dua yako hapa, nikiona. Mikono ikifanana, utachukua ya baba yako, mimi nitavaa yako. Isipofanana, nashona tena, na wewe unarudi kwenu. Usinisumbue tena."

Nikasaga masizi ya chungu kwa maji na utomvu, nikachonga utete uwe kalamu. Nikaandika Alhamdu, sura ninayoijua vizuri kuliko zote. Nilipofika alamin, neno linaloishia kwa nuni, mkono ukasita. Haya ni maneno ya Mungu, ningeweza kuandika nuni nzuri ya mwalimu. Na isitoshe, nani alijua ndani ya ile ngozi kuna mkono wa nani? Nikaandika ya kwetu.

Akaikata ngozi kwa kisu, polepole. Karatasi ilikuwa imeiva kwa jasho na mafuta, katikati imetoboka, muhuri haupo. Neno amin lilibaki, na nuni yake mwishoni. Yeye hakujua kusoma hata herufi moja. Akaweka kidole juu ya mkia wa baba, akakishusha, kisha juu ya mkia wangu, akakishusha.

"Mukia huu, na mukia huu," akasema. Akanitazama mkono. "Lakini kidole yako iko kizima. Sababu gani unaandika kama mutu wa kukatika kidole?"

"Baba njo alinifundisha vile, mama."

Akacheka mpaka mtoto naye akacheka. Akashona yangu ndani ya ngozi ileile, akajifunga mkononi, akakaza kwa meno. Ile ya baba akanipa kwa mikono miwili.

"Mutoto wangu akigonjwa," akasema, "nitakufuata mpaka Kasongo."

Hati ile sikuitia kibuyuni pamoja na zile nyingine. Na tangu hapo, kila anayetoka Wamaza namwuliza kwanza habari za yule mtoto, ndipo naanza kumwuliza bei ya chumvi.