Ukanda Uliofungwa Kwenye Kiti cha Basi

Juzi kwenye basi la wafanyakazi la kwenda Al Wukair, huku ughaibuni, niliketi kando ya dada mmoja Mkenya, mlinzi wa geti. Alikuwa amefunga nyuzi za sufu kwenye kishikio cha kiti cha mbele, na ncha ya pili kwenye mshipi wa yunifomu yake. Katikati alizungusha vikadi vyenye matundu yaliyopitishiwa nyuzi hizo, na ukanda mwekundu ukazidi kurefuka.

"Wazungu wa kale walifuma hivi, kabla ya mashine," aliniambia. "Mimi napenda tu."

Msimamizi wa walinzi akamjia. "Madam, toa hiyo takataka. Mikanda imejaa sokoni, si ununue?"

"Sitaki wa kununua, bosi."

"Na hili ni basi la kampuni!"

"Basi ni la kampuni. Mikono ni yangu. Kutwa nzima imewafungulia watu geti, sasa imetoka kazini."

Msimamizi akaushika ukanda, akauvuta kwa hasira aukate. Dada hakumzuia. Alijikaza kitini, akasema, "Vuta, bosi."

Akavuta kwa nguvu zake zote. Kikang'oka kishikio.

Ukanda uko salama. Na msimamizi asihangaike: vishikio vimejaa sokoni, si anunue?