Kufuli Moja, Mafundi Watatu



Baba alikuwa fundi pekee wa kiwanda cha mikate kwa miaka ishirini na sita. Umeme yeye, mabomba yeye, mashine yeye. Hata mlango wa choo ukigoma, aliitwa yeye. Kabla ya kuingia ndani ya mashine ya kukandia unga, alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Akimaliza, alifungua na kuwasha. Amuulize nani, naye alikuwa peke yake?

Kisha wakaajiriwa mafundi wawili zaidi, mmoja wao mume wangu. Meneja akamwita Baba.

"Mzee, wewe ndiye mkongwe. Wote wafanye kila kitu, au kila mmoja na yake?"

Magoti yalikuwa yameshamchosha. "Kila mmoja na yake," akasema. "Mimi niachieni umeme. Mkwe wangu ashike mashine, mwenzake mabomba."

Nikamtania kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa wa nyaya. Kufuli hakuna aliyelikumbuka. Lilibaki lilelile moja, ufunguo mfukoni mwa Baba.

Wiki ya pili mashine ikakwama. Baba akazima swichi, akaifunga, akaenda nyuma kubadilisha waya. Huku mbele mume wangu akajipenyeza ndani kukaza nati. Baba akamaliza. Kwa miaka yote ile, yeye akimaliza, kazi imekwisha. Akafungua kufuli, akashika mkono wa swichi.

Ndani ya mashine mtu akapiga chafya.

"Nani huyo?"

"Mimi, baba. Bado nati mbili."

Baba alikaa chini palepale, kwenye unga. Meneja aliwaleta wote wawili nyumbani mchana ule. Walinisimulia yaliyotokea. Nilimshika mume wangu mikono nikamhesabu vidole kama mwendawazimu, kisha nikamfokea, sijui kwa kosa gani. Kwa Baba sikuweza hata kutazama.

Kesho yake Baba alidai makufuli matatu, kila fundi atundike lake kwenye swichi kabla ya kuanza kazi, isiwashwe mpaka yote yatolewe, na kila mmoja afundishwe kazi ya wenzake. Alipewa.

Ila nyumbani, mpaka leo, hagusi swichi ya taa kabla hajauliza, "Kuna mtu?" Ni taa tu, lakini hakuna anayecheka. Tunaitika mmoja mmoja, naye hawashi mpaka amsikie mume wangu.