Picha Iliyobaki Ndani ya Diski

Januari ile ya 2008, Nairobi ikiwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa mtu wa kushtuka ovyo. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Kabiro, Kawangware, na mlango wake sikujua niufunge au niuache wazi. Siku hizo tulivaa nguo juu ya nguo: ukilazimika kukimbia, basi angalau umetoka na kabati lako mwilini. Mimi nilivaa sweta mbili za nailoni, na jua linawaka.

Kazini nilizivua. Fundi aliyenifunza hakuwa na mzaha na jambo hilo: shati la pamba, miguu mitupu, sakafu ya udongo inyunyiziwe maji, kisha uguse chuma cha kasha la kompyuta kabla ya kugusa chochote cha ndani. Diski ishikwe kingoni tu, kamwe si upande wenye saketi, zile njia za umeme. Ukavu wa Januari huujaza mwili umeme usiouona, na cheche ndogo kabisa inatosha kuiua diski. Nilikuwa namtania kwamba anatawadha.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka Lindi, kule Kibera. Alikuwa na kibanda cha kupiga picha. Kilichomwa pamoja na nyumba yao, naye akaokoa diski ya kompyuta yake tu. Mumewe, seremala, alikuwa hajaonekana kwa siku tisa.

“Fundi, kila hospitali naenda wananiuliza picha,” alisema. “Zote zilichomeka. Imebaki tu hiyo iko ndani.”

Nikavua sweta na viatu, nikanyunyiza maji, nikagusa kasha. Diski ikaanza kuzunguka. Mafolda yakajipanga kwenye skrini, moja likiwa na jina la mumewe.

“Ni hiyo! Fungua hiyo!”

Kabla sijalifungua, kelele zikalipuka barabarani, watu wanakimbia. Sikufikiri. Nilizima kompyuta, nikavaa sweta zote mbili kwa mkupuo, zikatatarika hadi nywele zikasimama, nikaichomoa diski kwa kiganja kizima, saketi na yote. Kitu kikanidunga kidoleni.

Tukajibanza nyuma ya mlango. Kumbe unga ulikuwa umefika dukani, watu wanakimbilia foleni. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

“Wacha umalize, na mimi niende hiyo laini.”

Nikaiunganisha tena. Kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kompyuta, jasho linanitoka. Kimya. Nilijua kilichotokea, na sijawahi kujichukia kama dakika ile.

“Ni moshi, sindio?” aliuliza. “Ilikula moshi mob sana hiyo kitu.”

“Ni moshi, mama.”

Akanishukuru. Hilo ndilo lililonimaliza, kunishukuru. Kisha akaniomba karatasi, akajaribu kuandika, akaniachia kalamu.

“Niandikie wewe, fundi. Mwandiko yangu haisomeki. Nitawapea hii badala ya picha.”

Nikaandika alivyonitajia: mrefu, mweusi, kidole gumba cha kushoto kimekatwa na msumeno, pengo juu. Nilipomuuliza kuhusu sura, alifumba macho muda mrefu, midomo ikichezacheza, kisha akayafumbua.

“Sura andika tu ni mzuri,” alisema.

Nikaandika ni mzuri.